Ugali wa Uwele Ulionitia Aibu Mbele ya Wakwe

Juzi dada mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, ameniandikia ujumbe mrefu. Ameamua kula kiafya, kwa hiyo mwezi uliopita alinunua mbegu za chia, mafuta ya zaituni, mkate wa rangi ya kahawia na kopo la asali. Mshahara ukakata tarehe 11. Watoto wamegoma kula, mume siku hizi anarudi ameshashiba. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, wewe uliwezaje?"

Sikuweza, mdogo wangu. Mara ya kwanza nilishindwa mbele ya watu 9, mezani kwangu, na mmoja wao hajaacha kuisimulia siku ile mpaka leo. Bora niisimulie mwenyewe, maana yeye akiisimulia huitia chumvi, na chumvi ndiyo hasa niliyokatazwa.

Mimi ni mtu wa Muheza. Kwetu hata mchicha unapata tui. Nilihamia Dodoma 2018, wakati ofisi za serikali zikihamia huku kwa mafungu, nikaja kuolewa na Mgogo wa Kongwa. Siku ya kwanza kuwekewa mlenda, ile mboga ya majani inayoteleza na kuvutika, nilicheka waziwazi, Mungu anisamehe. Nikamwuliza baba watoto, "Hiki mnakula au mnagundishia karatasi?" Yeye alicheka. Mama yake, ambaye sikujua kama yuko nyuma ya mlango, hakucheka.

Mwaka 2022 nilipimwa presha nikakutwa na 152 kwa 98. Daktari akanipa miezi 3 ya kujirekebisha kabla ya kufikiria dawa: punguza chumvi, punguza mafuta, tembea. Nikauliza, chumvi kiasi gani? Akaniambia Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo umehesabu kila kitu. Kila kitu! Mimi kijiko hicho nilikuwa nakimaliza kabla ya saa saba mchana, ukijumlisha vile vidonge vya mchuzi nilivyokuwa navipukutisha kwenye kila sufuria.

Nikafanya kama unavyofanya wewe sasa. Nikakimbilia simu. Wiki zile sitazieleza, zilikuwa na matango mengi.

Halafu nikapata wazo ambalo bado naliona zuri. Watu wa huku walikuwa wanakula uwele na mtama kabla ya sembe kujaa madukani, na si kwa bahati mbaya. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili, tena inaweza kukuonyesha mgongo katikati. Mahindi yakinyauka, uwele unasimama. Na nafaka hiyo ina madini ya chuma na nyuzinyuzi ambazo sembe iliyokobolewa imeziacha mashineni. Nikasema Jumapili wakwe wakija nitawapikia ugali wa uwele. Nitajisafisha na ile dhambi ya mlenda, na presha yangu itashuka. Ndege wawili kwa jiwe moja.

Nilikuwa na kilo 5 za unga nilioununua sokoni ukiwa umeshasagwa. Nilikuwa nimeuweka kwenye ndoo ya njano yenye mfuniko, kando ya jiko, kwa wiki 3. Nikausonga kwa bidii zote za mwanamke anayetaka kusifiwa. Ulitoka na rangi nzuri ya majivu, laini, unang'aa. Nikapakua.

Tonge la kwanza baba mkwe alilifuata na maji. Ulikuwa mchungu, uchungu unaokaa nyuma ya ulimi kama dawa ya malaria. Na mchanga ulikuwemo, unausikia ukisagika kwenye meno. Mama mkwe alikula matonge 3 kwa heshima, akaisogeza sahani taratibu. Kuku aliisha, mchuzi uliisha, ugali ukabaki katikati ya meza kama kichuguu. Ndipo wifi yangu akasema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: "Wifi, huu tunakula au tunakandikia ukuta?"

Kumbe yale maneno yangu ya miaka ile yalikuwa yametunzwa.

Nilicheka nao. Usiku nililia bafuni nikiwa nimefungulia maji.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye faida. Jumatatu asubuhi mama mkwe, aliyekuwa amelala kwetu, aliniomba nimwonyeshe ndoo. Akachota unga kiganjani, akaunusa, akasema, "Mkamwana, unga huu umekufa." Akanieleza kitu ambacho sijakiona kwenye kurasa zote nilizopekua usiku na mchana. Uwele una mafuta mengi kuliko nafaka nyingine unazozijua. Punje ikiwa nzima, mafuta yamejifungia ndani na inakaa msimu mzima. Ukishasaga, yanakutana na hewa, na joto la kando ya jiko linayaharakisha. Siku chache tu, unaanza kuchacha na kuwa mchungu. Ndiyo maana bibi zetu walisaga cha leo na kesho. Haukuwa ufukara, ulikuwa ujuzi.

Mchanga nao una siri yake. Uwele hupurwa chini, na mchanga hauondoki wote kwa ungo. Unapepeta kwanza, halafu unatia maji mengi kwenye beseni, unakoroga kwa mkono na kumimina punje pamoja na maji kwenye beseni la pili. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, unabaki chini. Mama mkwe alirudia mara 4 bila kuchoka, mimi mara ya pili nilikuwa nishaona inatosha. Unaanika mpaka ukauke kabisa, ndipo unakwenda mashine. Mimi sasa nanunua punje Soko la Majengo na kusaga kilo 2 tu, za wiki. Unga unakaa kwenye friji.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujanunua kopo lingine, muulize mama mkwe wako. Wengi wetu tunamdharau mtu mwenye elimu ya bure ndani ya nyumba, kisha tunamlipa mgeni wa kwenye simu. Mimi nilidharau, nikalipa.

Mlenda ulinipa kazi kubwa zaidi. Mlenda wenyewe ni majani, hauna kosa. Shida ni magadi. Watu wanapunguza chumvi kwa nguvu zote halafu wanatupia kipande cha magadi sufuriani, wakati magadi nayo ni sodiamu, ileile inayosumbua presha kwenye chumvi. Tena majani yakichemshwa na magadi yanapoteza vitamini. Nikajaribu kuupika bila magadi kabisa: haukuvutika, mama mkwe akauita supu. Nikajaribu kuongeza bamia mbichi zilizokatwa ndogondogo, nikapekecha kwa upekecho hasa, si kwa kijiko. Hapo ukavutika. Nikatia nyanya na karanga za kutwanga, chumvi nikaidondosha mwishoni, kiduchu, maana chumvi ya mwishoni inasikika zaidi ulimini. Mama mkwe alionja, akanyamaza, akachukua bakuli. Kwa wanaomjua, hiyo ni hotuba nzima.

Siyo yote yaliyofanikiwa. Chapati za uwele mtupu zilipasuka kama udongo wa Bahi wakati wa kiangazi. Uwele hauna ule mnato wa ngano. Nusu kwa nusu zinakubali. Mtama mzima uliolowekwa usiku kucha nikaufanya kama pilau, wakubwa walipenda, watoto waliniuliza nimekosea nini. Juisi ya ubuyu nilikuwa naichemsha na sukari kama shira. Siku hizi naloweka ubuyu mweupe kwenye maji ya baridi, nafikicha, nachuja, maana vitamini C haipendi moto. Sukari nimeipunguza kidogokidogo, kijiko kwa kijiko, mpaka wanangu wakasahau ilikuwa ngapi. Usiwatangazie watoto kwamba umepunguza. Punguza tu.

Mafuta pia. Alizeti ya Singida ni nzuri, ila hata nzuri inapimwa. Tumia kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Dumu la lita 5 lilikuwa linanipitisha wiki 2, sasa linafika mwezi na siku kadhaa. Hiyo tu peke yake imelipia karanga zote.

Na wewe unayetaka kuhamia dona, hapa sitanii. Dona ni bora kuliko sembe, lakini mahindi yawe makavu na safi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu huku kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa mahindi yaliyoingia ukungu. Sumu ile haifi kwa kupikwa. Chambua punje moja moja, zilizooza na zilizobadilika rangi uzitupe, hata kuku usiwape. Karanga zilizosinyaa nazo hivyohivyo. Kuna watu wananiona mshamba nikikaa barazani na ungo saa nzima Jumamosi. Waniite hivyo hivyo.

Baada ya miezi 3 nilipimwa 131 kwa 84. Daktari aliuliza nimefanya nini, nikamwambia nimeolewa Kongwa. (Ukishaandikiwa dawa usiziache kwa sababu yangu. Mimi nilipewa muda, wewe huenda hukupewa.) Tangu hapo mambo hayajanyooka kila siku. Nikipita mnada wa Msalato na harufu ya nyama choma huwa nashuka kwenye gari, sitajifanya malaika. Lakini siku inayofuata narudi kwenye chungu changu. Ndugu zangu, tunajua mengi mno na tunapika machache mno. Ingia jikoni. Unguza. Pika tena. Acha kutafuta chakula cha watu wa mbali wakati mama wa Kigogo amepanga mafungu ya mlenda mkavu chini pale sokoni, na wewe unampita ukiwa na kikapu cha matango.

Wifi alikuja Jumamosi iliyopita kwa shughuli zake mjini. Nilimpikia uwele na mlenda, makusudi. Alikula akamaliza, akaongeza, akalamba vidole. Hakuomba radhi, na mimi sikuikumbushia. Alipokuwa anaaga akaniomba unga kidogo wa kwenda nao, nikampimia kilo 1, nikamwambia aumalize ndani ya wiki.

Akiwa mlangoni akacheka, akauliza kama ile ndoo ya njano bado ninayo. Ninayo. Nimeitoboa chini, nimepanda mchicha.