Picha za chini ya maji: buluu tupu na vidoa vyeupe

Ndugu, umesema picha zako za meli iliyozama zinatoka buluu tupu, na ukiwasha flashi zinajaa vidoa vyeupe. Buluu inatokana na maji kumeza mwanga mwekundu; ukipita mita 5 hivi, wekundu umeshafifia sana. Kisogelee unachokipiga picha, umbali usizidi mita 1, ndipo flashi irudishe rangi. Vidoa ni chembe zinazoelea mbele ya lenzi na kumulikwa na flashi. Iweke flashi mbali na kamera, kwenye mkono wake (kishikio kirefu kinachoiunganisha na kamera), na uielekeze nje kidogo. Ila ndani ya meli usiingie bila mafunzo maalumu, nakusihi, hata mlango ukiwa wazi: pezi lako la kuogelea likigusa tope, maji huchafuka na huoni tena pa kutokea. Na geji ya hewa, kipimo cha hewa iliyobaki mtungini, itazame mara kwa mara, kamera husahaulisha.