Kwa nini uwiano wa moli hauzidishwi kwenye gramu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Tumepewa mlinganyo wa kuchoma trona, yaani magadi ghafi, ili kupata sodiamu kaboneti: 2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O. Trona iliyochomwa ni gramu 565. Kwa kuwa uwiano ni 2 kwa 3, nilizidisha 565 kwa 3/2 nikapata gramu 847.5, lakini jibu lililotolewa ni gramu 397.5. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Uwiano wako ni sahihi; kosa ni kuutumia kwenye gramu. Namba zinazotangulia fomula katika mlinganyo uliosawazishwa huhesabu chembe, wala hazisemi lolote juu ya uzito wa chembe hizo. Moli nayo ni hesabu ya chembe: tangu tarehe 20 Mei 2019 moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, ziwe za trona, za maji au za kitu kingine chochote. Kwa hiyo uwiano wa 2 kwa 3 unafanya kazi baina ya moli na moli tu, na gramu zako ni lazima zigeuzwe kuwa moli kabla ya kuugusa uwiano huo.

Tuanze na uzito wa moli moja ya trona, mahali ambapo wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kusahau yale maji mawili yaliyoshikamana na fuwele. Atomi 3 za sodiamu zinatoa 69, kaboni 2 zinatoa 24, oksijeni 8 zinatoa 128 na haidrojeni 5 zinatoa 5. Jumla ni gramu 226. Ukigawanya 565 kwa 226 unapata moli 2.5. Sasa ndipo unapozidisha kwa 3/2, upate moli 3.75 za sodiamu kaboneti, na kwa kuwa moli yake moja ina gramu 106, jibu ni gramu 397.5.

Ninakusihi uhakiki kila jibu kwa njia ifuatayo, kwa sababu ingekuonyesha kosa lako papo hapo. Moli 2.5 za trona hutoa pia moli 1.25 za kaboni dioksidi, ambazo ni gramu 55, na moli 6.25 za maji, ambazo ni gramu 112.5. Jumlisha 397.5, 55 na 112.5, utarudi kwenye 565 ile ile. Maada haiongezeki kwa kuchomwa, hivyo gramu 847.5 zisingeweza kutoka katika gramu 565, hasa ikizingatiwa kwamba hewa na mvuke vimeondoka.

Mmenyuko huu si wa darasani tu, kwani ndio msingi wa kutengeneza magadi ya viwandani kutokana na trona inayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya. Trona ya ziwani, hata hivyo, huja na udongo na chumvi, na mtihani unaweza kukuambia kuwa usafi wake ni asilimia 80. Hapo tafuta kwanza kiasi cha trona yenyewe: asilimia 80 ya gramu 565 ni gramu 452, yaani moli 2, nazo zitatoa moli 3 za sodiamu kaboneti, ambazo ni gramu 318. Soma swali kwa makini uone linataka nini, kwa sababu gramu 113 za uchafu, tukichukulia kwamba hazibadiliki kwa joto, zinabaki chomboni pamoja na zao hilo, na mabaki yote yakipimwa mizani itaonyesha gramu 431.