Pikipiki mgongoni mwa lori: kwa mnaoanza masafa marefu Marekani

Ukianza kuendesha semi, yaani lori la trela, huku Marekani, watakusimulia malipo ya kila maili na theluji ya Wyoming. Habari za kukaa bure hawakwambii. Sheria inakupa saa 11 za usukani, kisha upumzike 10. Ukifikisha saa 70 za kazi ndani ya siku 8, njia ya haraka ya kufuta hesabu ni kupaki saa 34 mfululizo. Mara nyingi utazimaliza kwenye kituo cha malori kando ya Interstate, barabara kuu ya kuunganisha majimbo: duka la chakula liko maili nne, daladala hakuna, njia ya miguu hakuna, na hata ukiacha trela, kichwa chenyewe hakina pa kuegeshwa mjini. Nilikula soseji za kituoni miaka miwili kabla sijapata akili ya kununua pikipiki.

Yangu ni Honda Grom ya cc 125, kilo mia na kidogo. Vijana huniuliza kwa nini sikuchukua kubwa. Mwenzangu mmoja alichukua ya cc 250, akaishusha mara mbili mwaka mzima. Baada ya saa 11 barabarani, kitu kinachohitaji nusu saa ya kuhangaika hukigusi; unalala. Mimi nina kijikreni cha winchi ya mkono, na kabla maji ya chai hayajachemka pikipiki iko chini.

Mahali pake ni nyuma ya kebini, juu ya fremu, palipo na bamba la kukanyagia. Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilipima nafasi lori likiwa limenyooka, nikaona pa kutosha. Wiki ya tatu nikakata kona kali kuingia ghalani, kona ya mbele ya trela ikaja ikaukunja usukani wa pikipiki kama waya wa kuanikia nguo. Pima trela likiwa limekunjwa kabisa, na umwombe mtu asimame kando aangalie, pamoja na mipira ya upepo wa breki isije ikanasa. Ukiburuta trela la jokofu, kumbuka mashine yake imetokeza mbele, inakula nafasi ileile. Na ukisogeza ile sahani ya kuunganishia trela ili upite mizani, umebadilisha vipimo vyote, anza upya.

Mizani nayo: kikomo cha kawaida ni paundi 80,000 kwa gari na mzigo wote. Pikipiki na chuma chake cha kubebea ni kama paundi 300, nazo zinakaa juu ya ekseli za kichwa. Ukibeba mizigo mizito, pima kituoni kabla ya kukutana na serikali.

Usiitie ndani ya trela. Lile trela lina muhuri wa mteja, na shehena ya chakula ikinuka petroli inarudishwa, deni ni lako. Kebini ndiyo usithubutu kabisa, unalala humo. Funga mikanda minne, kisha simama uikague kabla hujamaliza maili 50 za kwanza, kama unavyokagua mzigo wowote.

Kama lori si lako, omba ruhusa kwa maandishi. "Sawa tu" ya kwenye simu haitakumbukwa siku bamba likitobolewa. CDL, leseni yako ya lori, hairuhusu pikipiki; leseni yake inafanyiwa mtihani wake, na bima ni yake. Illinois na Iowa hawalazimishi helmeti, lakini wewe vaa, hapa si bodaboda ya Mwenge. Interstate iache, kapite barabara za ndani. Kwenye viingilio vingi vya California kibao kabisa kinakukataza.

Mwezi wa tano nilikwama North Platte, Nebraska, saa 34 zote. Zamani ningezimalizia kwenye simu. Nilishusha pikipiki, nikanunua mchele na nyanya, kisha nikaenda Golden Spike Tower, mnara unaotazama Bailey Yard ya Union Pacific, uwanja mkubwa kuliko yote duniani wa kupanga mabehewa. Reli zinakwenda maili nane. Nilisimama pale juu kwa muda wa karibu saa mbili nikiwatazama wenzetu wa mabehewa wakihangaika na mizigo yao, halafu nikarudi kupika wali.