Fundi anataka kubandika mosaiki ya kioo kwa simenti ya kijivu? Mzuie

Mkuu, kabla ya kuuliza rangi ya grauti (ule unga wa kujazia nafasi kati ya vigae), mpigie fundi wako simu umwambie Jumamosi asije na simenti.

Kwa wanaopita: mleta uzi amenunua mosaiki ya kioo, ile ya bluu bahari inayopitisha mwanga, vipande vya sentimita 2 kwa 2 vilivyogundishwa kwenye wavu. Inakwenda jikoni, juu ya sinki na jiko la gesi, urefu mita 3.6 na kimo sentimita 60. Anauliza anunue shiti ngapi (shiti ni wavu mmoja na vipande vyake), grauti iwe rangi gani, fundi alipwe kiasi gani kwa mita, na mafuta ya kukaangia yatatokaje. Halafu katikati kachomeka kisentensi: "fundi anasema tutatumia simenti ya kawaida kama vigae vingine." Hapo ndipo nilipoacha chai ikapoa.

Kigae cha udongo kina mgongo wenye vitundu. Ukikipaka uji wa simenti kinanyonya maji, simenti inaingia kwenye vitundu na kung'ang'ania humo. Kioo hakinyonyi kitu. Simenti tupu inakauka pembeni yake, inasinyaa, na kioo kinabaki vilevile. Wiki za kwanza huoni tatizo, unapokea sifa za wageni. Baadaye unagonga kwa kucha unasikia pako wazi ndani, kisha kipande kinadondoka nyuma ya jiko. Kiokote ukigeuze: mgongo unang'aa, hauna hata chembe ya simenti. Hakikuwahi kushika. Kilikuwa kimeegemea tu.

Na hiyo ni nusu ya hasara. Kioo kinaonyesha kilicho nyuma yake. Bluu bahari juu ya simenti ya kijivu inageuka rangi ya maji ya mfereji, na hakuna sabuni wala grauti ya kuirudisha. Fundi akibandika kwa mtindo wa madonge matano, moja kila kona na moja katikati, basi kila donge litaonekana kivuli chake na kila uwazi utaonekana wake, ukuta mzima madoadoa kama chui. Akivuta gundi kwa mwiko wa meno, ule wenye ukingo wa msumeno unaoacha mistari, halafu asiilaze, mistari nayo itasomeka ukiwasha taa ya chini ya kabati. Msiniulize nimejuaje. Pesa nimeshaisamehe, ila aliyeniambia "kigae ni kigae tu, bosi" bado tuna kesi. Na muuzaji aliyenitazama nikibeba kioo na mfuko wa simenti kwenye gari moja akanitakia kazi njema, huyo naye namkumbuka.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: gundi NYEUPE, ya unga, yenye polima (kiungo cha jamii ya plastiki kinachoifanya ishike), ijae mgongo WOTE wa kioo. Usikubali "simenti nyeupe itafanya kazi hiyohiyo". Simenti nyeupe inatibu rangi, haitibu kushika. Usikubali pia gundi ya kopo iliyokorogwa tayari. Ile hukauka kwa kutoa maji yake hewani, na nyuma ya kioo hewa haifiki, kwa hiyo inabaki laini muda mrefu sana. Soma ubavu wa mfuko utafute maandishi C2TE S1. C ni gundi iliyotengenezwa kwa simenti, si simenti tupu, 2 ina maana inashika kuliko ya kawaida, T haitelezi ukutani, E inachelewa kukauka juu kabla hujabandika, S1 inakubali kupinda kidogo. Nyuma ya jiko hiyo S1 si mapambo, maana kioo kikipata joto hutanuka kuliko kigae cha udongo.

Kabla ya yote pima mosaiki yenyewe. Chukua shiti moja uizamishe kwenye beseni la maji usiku kucha. Asubuhi vuta kipande kimoja, halafu kwaruza mgongo wake kwa ukucha. Kama wavu unaachia, au rangi iliyopakwa nyuma inatoka kama ngozi ya kitunguu, rudisha dukani. Gundi nzuri itashika rangi, rangi haijashika kioo, na mwisho wa yote kioo kitakuwa sakafuni.

Ukuta nao. Plasta mpya ipewe siku 28. Rangi ya mafuta ikwanguliwe yote, usikubali "tutaichanja chanja". Weka rula ya aluminiamu ya mita 2 ukutani, ukiona uwazi unaozidi milimita 2 au 3 chini yake, sawazisha kwanza na uache pakauke. Vipande vidogo vya kioo vinafuata kila bonde na kila kilima, na vinamulika kabisa.

Siku ya kazi, maji yapimwe kama mfuko unavyosema. Koroga, acha dakika 5 hadi 10, koroga tena. Ikianza kuwa nzito baadaye, fundi haruhusiwi kuongeza maji. Atupe akoroge nyingine. Apake sehemu ya shiti moja au mbili tu kwa wakati mmoja, kwa mwiko wa meno ya milimita 3 au 4, kisha ageuze upande bapa alaze mistari yote. Kwa joto la Dar gundi inafanya ngozi juu haraka sana. Iguse kwa kidole: isiponata kidoleni, kwangua upake upya. Shiti ya kwanza ikibandikwa na kukandamizwa kwa ubao bapa, mwambie aibandue papo hapo. Tazama mgongo. Kila kipande kiwe cheupe kuanzia kona hadi kona. Ukiona kioo kikavu popote, ongezeni gundi. Fundi atakununia, mwache anune, atalipwa tu.

Nafasi kati ya shiti na shiti ilingane na ile iliyo ndani ya shiti, la sivyo utaona miraba mikubwa ukutani maisha yako yote. Gundi inayochungulia kwenye nafasi itolewe kwa kijiti kabla haijakauka.

Kisha subirini. Kwa kuwa kioo hakinyonyi maji, gundi yake inachelewa kukauka kuliko ya vigae vya kawaida. Siku 2 au 3 ndipo grauti, na kwenye kioo kama chako unajionea: panapobaki na unyevu panaonekana peusi kidogo. Rangi ikilingana ukuta mzima, endelea. Nafasi za mpaka milimita 3 zinataka grauti isiyo na mchanga, maana mchanga unaweza kukwaruza kioo. Pale ukuta unapokutana na meza, na kwenye kona za kuta, usiweke grauti kabisa. Weka silikoni, kwa sababu pande hizo mbili hazitembei pamoja na grauti ya hapo lazima ipasuke.

Soketi: usimruhusu akate tundu la pembe kali kwa grainda. Nyufa za kioo huanzia kwenye pembe ya ndani. Mosaiki yako nzuri kwa hilo, unatoa vipande vizima kwenye wavu na vinavyobaki unavikata kwa koleo la kukatia kioo, lenye magurudumu mawili. Akilazimika kutoboa, biti iwe ya almasi, polepole, na maji yakidondoka, bila kugongesha.

Hesabu yako ni mita za mraba 2.16. Shiti ya 30 kwa 30 ni 0.09, kwa hiyo 24 kamili, ongeza asilimia 10, nunua 27, na namba ya toleo kwenye maboksi iwe moja kwa sababu rangi hutofautiana. Gundi, mfuko wa kilo 20 unakutosha na kubaki. Grauti kilo 3 hivi.

Usafi ndio rahisi kuliko vyote: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa laini, kila baada ya kukaanga. Stiliwaya iende kwenye sufuria. Dawa ya choo yenye asidi haitakula kioo, lakini itakula grauti, na siki ya kila siku hufanya hivyohivyo taratibu. Mnaotumia maji ya kisima yenye chumvi, futeni kikavu, ule ukungu mweupe ukizoea kukaa unasumbua.

Ukishanunua gundi, piga picha ubavu wa mfuko uweke hapa tuusome kabla hujaufungua.