Ceza hakuanzia Ujerumani

Wapo wanaouliza kama Ceza, rapa wa Uturuki, alianzia kwenye kundi la rap la Cartel. Hapana, hakuwamo. Cartel ni ya Waturuki wa Ujerumani (Karakan wa Nürnberg, Da Crime Posse wa Kiel, Erci E. wa Berlin), na albamu yao ilitoka 1995. Ceza, jina halisi Bilgin Özçalkan, ni mtoto wa Üsküdar, upande wa Asia wa Istanbul. Alianza kusikika na kundi la Nefret, yeye na Dr. Fuchs, kwa albamu za Meclis-i Âlâ İstanbul (2000), kisha Anahtar (2001). Peke yake alitoa Med Cezir 2002, Rapstar 2004, Yerli Plaka 2006. Ayben, naye mchanaji mkali, ni dada yake.

Jina litamkwe "Jeza", maana c ya Kituruki ni j yetu. Maana yake ni adhabu, kutoka mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa sisi "jaza", ila kwetu limebaki upande wa malipo mema. Na Med Cezir ni maji kujaa na kupwa.

Ule mwendo wake wa kasi usikilize kwenye wimbo wa Holocaust, ndani ya Rapstar. Kituruki hurundika viambishi mwishoni: ev-ler-imiz-de, "nyumbani kwetu", kwa wingi. Kwa hiyo vina vya mwisho tu ni rahisi mno kupata. Ubingwa wa Ceza ni kubananisha silabi katikati ya mstari na bado kila neno linasikika. Hapo wengi huteleza, wanameza irabu.