Usinilalue

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza mawili kwa pumzi moja: neno gani la Kiswahili nalipenda kuliko yote, na haya ninayoyabuni huwa nayatoa wapi, maana wewe ukikaa kuandika unaitazama karatasi tupu, nayo inakutazama. Nilianza kukujibu palepale kwenye simu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Mwisho nikasema, huyu nimemzaa mwenyewe, anastahili barua.

Nianze na la pili, kwa sababu kila mtu huniuliza hilo na kila mara nadanganya. Nasema natoa katika maisha, natoa katika ndoto, nasema lolote litakalomridhisha mwulizaji. Ukweli ni kwamba natoa katika maneno. Sijawahi hata siku moja kupata hadithi kwa kukaa kitako nikawaza hadithi. Hunijia neno moja likanikera au likanichekesha, nikaanza kulishuku kama unavyomshuku mgeni anayetabasamu kupita kiasi. Wewe kwenu wapi? Ndugu zako ni akina nani? Na humo kwapani umeficha nini?

Chukua kutunga, neno la kazi yangu. Mtu hutunga shanga: anailowesha ncha ya uzi kwa mate, anafumba jicho moja, anapenyeza. Mimba nayo hutungwa. Na jipu likianza kuiva, twasema linatunga usaha. Siku nilipoyaweka hayo yote meza moja na hadithi zangu nilicheka peke yangu, kwa sababu ndivyo mambo yalivyo. Zipo siku sentensi zinaingia uzini moja baada ya nyingine na mkono hautetemeki. Ipo hadithi niliyoibeba miezi mingi bila kumwambia mtu, nikiogopa itaharibika. Na zipo, sitazitaja, zilizokuwa usaha mtupu wa hasira zangu, ilibidi zitoke tu. Ukichomeka irabu moja unapata kutungua, yaani kukishusha kilichoangikwa, kumwangusha ndege aliye juu. Huko ndiko kuhariri. Halafu angalia utungo na utungu, vimeachana kwa herufi moja ya mwisho. Aliyepanga hivyo, kama yupo aliyepanga, alikuwa ameandika walau kitabu kimoja au amezaa walau mtoto mmoja.

Kisa nalo ni neno la kulichunguza. Ukiwakuta watu wanagombana ukauliza kisa ni nini, unataka sababu. Utakachopewa ni hadithi, tena mbili zisizofanana.

Ndege ni kiumbe mwenye mabawa, ndege ni chombo cha abiria, na mtu mzima akikuambia amepata ndege mbaya njiani anamaanisha dalili ya shari. Mtoto akipiga kelele uani, “Mama, ndege!” huna budi kutoka ukaone ni ipi kati ya hizo tatu. Simu ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Waya wenyewe umekwisha kuondoka. Jina limebaki kama la mpangaji aliyehama akaacha kibao chake mlangoni.

Lakini kuna ukoo wa maneno ninaoupendelea waziwazi, kama mzazi asivyopaswa. Mtaalamu wa lugha za Kibantu, Clement Doke, aliupa jina la kitaalamu mwaka 1935; sisi darasani tuliziita tanakali za sauti. Pu! kimeanguka. Chubwi! kimetumbukia. Kacha! kimekatika. Hizo ni nyepesi, sikio limesikia na mdomo ukaiga. Hebu sasa nieleze kimya jii. Jii ni sauti ya nini? Nani alisimama mahali pasipo na mlio wowote, akausikia ule mlio usiokuwapo, akarudi kwa wenzake akawaambia, “Palikuwa jii,” na wote wakatikisa vichwa kwamba naam, ndivyo panavyolia? Giza ni totoro. Weusi ni tititi, weupe ni pepepe. Weupe hauna sauti, mwanangu, lakini mtu akikuambia shuka ni nyeupe tititi utashtuka kama uliyekanyaga mwiba. Unajua kwamba hapana. Umejuaje? Watu wananiuliza kipaji cha kubuni kinakaa wapi, kana kwamba wao hawana. Kinakaa hapo, kwenye huko kushtuka.

Ninalolipenda zaidi katika ukoo huo ni gubigubi. Litamke polepole. Gu-bi-gu-bi: mdomo unajifunga, unajifungua, unajifunga tena, kama mtu anayejizongazonga hadi apate joto. Shuka limevutwa mpaka juu ya kichwa, magoti yamekunjwa, hakuna hata kidole kilichobaki nje kwa ajili ya zimwi. Miaka mingi iliyopita mhariri mmoja alilikata neno hilo katika hadithi yangu akaandika “akajifunika kabisa”, eti vijana hawatalielewa. Nilinyamaza, maana nilikuwa mchanga na yeye ndiye aliyeshika kalamu nyekundu. Ila kabisa haifuniki kitu. Kabisa inaacha miguu nje. Mhusika wangu anapigwa baridi ndani ya kitabu kile hadi leo, na kila nikikiona rafuni nasikia aibu, kana kwamba nilipewa mtoto wa watu nikamlaza bila shuka.

Yapo nisiyoyapenda pia, nayataja upesi nisiichafue barua. Changamoto. Lilikuwa neno zuri, tukalifanyisha kazi usiku na mchana mpaka likafa limesimama. Mtu kaibiwa: changamoto. Kaachwa na mumewe: changamoto. Nikilikuta katika rasimu yangu nalifuta, kisha najiuliza kilichotokea hasa ni kipi. Mara nyingi nagundua nilikuwa sijui.

Sasa nikutolee siri niliyoiweka kwa miaka.

Ulikuwa na miaka minne. Nilikuja kukuamsha asubuhi, nawe umejifunika hilohilo gubigubi, nikaanza kulivuta shuka kwa upande wa miguu. Kimya. Kisha sauti ikatoka chini ya shuka, haina hasira wala kilio, kama ya mtu mzima anayemsomea mjinga sheria: “Mama, usinilalue.”

Kwanza nilidhani unasema usinirarue. Nikakagua shuka kama limechanika. Ndipo likanipambazukia, nikabaki nimesimama na pindo la shuka mkononi. Ulikuwa umesikia kwamba kilichofungwa hufunguliwa, kilichozibwa huzibuliwa, mkeka uliokunjwa hukunjuliwa na nguo iliyoanikwa huanuliwa, ukajipigia hesabu mwenyewe kwamba aliyelala hulaluliwa. Hakuna aliyekufundisha. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekuandikia kosa na kalamu yangu ingelaaniwa. Maana kumwamsha mtu ni kumfanya aamke tu, lakini kumlalua ni kumvua usingizi, kuufungua kama fundo, na ukishafunguliwa lazima uende mahali. Uende wapi? Hapo ndipo nilipoacha kukuamsha. Ulilala hadi jua la saa tatu, nami nilikuwa mezani.

Wiki haikwisha, akawapo mzee anayepita nyumba hadi nyumba kabla ya alfajiri akiwalalua watu, usingizi anaowavua akiukunja na kuutia mfukoni, na mfuko unazidi uzito kila siku. Ndiyo, ni yule mzee wa mfuko. Hadithi unayosema unaipenda kuliko zangu zote niliitoa mdomoni mwako, bila kukuomba ruhusa na bila malipo. Na baya zaidi, kwa kumwogopa mhariri yuleyule, neno lako nililitoa mwenyewe kabla hajalikata. Nikaandika “mwamshaji”. Mzee akapoteza nusu ya uchawi wake.

Watu wazima nao hufanya kama wewe, ila hawajitambui. Kitabu kilitoka Kiarabuni na “ki” yake ya kuzaliwa. Sisi tukadhani ni ile ki yetu ya kiti na kisu, tukazaa vitabu. Kiarabu chenyewe kwa wingi husema kutub, hakijui habari za vitabu. Halafu Kiingereza kikaleta amri ya kuwataka madereva wabaki kushoto, na mzunguko wa barabarani ukaitwa kipilefti. Vikiwa viwili, vipilefti. Walimu wanacheka. Mimi nauvulia kofia mdomo wa kwanza uliosema vipilefti. Mdomo huo ulichukua amri ya serikali ukaifanya kitu, ukakihesabu, ukaendelea na safari.

Haya, swali lako la kwanza. Nimelizunguka kwa sababu jibu litakukasirisha: nilipendalo kuliko yote si neno, ni kipande. Nge. Ile ya ningekuwa, angeruka, wangekutana. Peke yake haisemi kitu. Ukiitamka mbele za watu watainua miguu, wakidhani umeona yule mwingine mwenye sumu mkiani.

Nami naamini ni ndugu hao wawili. Jaribu mwenyewe. Andika: “Alifungua mlango.” Kafungua, yamekwisha, tuendelee. Sasa andika: “Angefungua mlango.” Tazama kilichotokea. Mlango umejifunga. Mtu amesimama mbele yake na mkono haujafika kwenye kitasa, na huko ndani kuna jambo ambalo sekunde moja iliyopita hukulitaka, sasa unalitaka. Silabi moja imeyafanya yote hayo! Na mkiani inauma, kwa kuwa nyuma ya kila angefungua pamejificha hakufungua. Hadithi zangu zote, hata za kuchekesha, ukizigeuza utaukuta huo mkia.

Juu ya karatasi yako tupu sina dawa, ila nina jambo nililolishuku hivi majuzi tu, na umri wote huu. Msimulizi husema Paukwa! nasi tunaitika Pakawa! Tumeitika hivyo tangu tunaota meno bila kukifungua kiitikio chenyewe. Nilipokifungua nilikuta pa ni mahali, ka ni kisha, wa ni kuwa. Kisha mahali pakawa. Hajatajwa sungura bado, hajatajwa mfalme, na tayari wasikilizaji wamekwisha kutoa uwanja kwa midomo yao. Hawakungoja msimulizi awaletee. Kwa hiyo acha kumtafuta mhusika, wala usihangaike na wazo kuu. Weka ngazi tatu, ndoo iliyopinduliwa, na ufa wa mwanga chini ya mlango. Kisha nyamaza, jii. Mtu atakuja. Watu hawawezi kuona ndoo iliyopinduliwa wasiikalie.

Nilijaribu juzi. Aliyekuja kukaa juu ya ndoo yangu alikuwa yule mzee, amezeeka zaidi, mfuko umemshinda kuubeba. Nikajua hatujamalizana. Ndiyo rasimu uliyosikia naiandika.

Umeuliza utaisoma lini. Kiswahili kina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, siku nne za mbele, kila moja na jina lake. Kwa nyuma tuna jana na juzi, baada ya hapo zote tunazitupa kapu moja la majuzi. Waliotuachia lugha hii walikuwa ama watu wa mipango sana ama watu wa kuahirisha sana, na mimi niliye wa damu yao nadhani najua ni wepi. Rasimu utaipata mtondogoo. Safari hii nimelirudisha neno lako, liko katika sentensi ya kwanza, na mhariri akiligusa tutapambana. Ukitaka kudai haki yako njoo tuzungumze malipo, nyumba unaijua. Ila usije alfajiri, baba. Uzeeni nimejifunza kulala, sitaki kulaluliwa.

Mama yako