Maswali ya Wasomaji: Trekta la Marehemu Baba na Mbwa Aliyezalia Chini Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi wilayani Karatu. Marehemu baba aliacha trekta aina ya Massey Ferguson 135 ambalo limesimama chini ya mgunga kwa miaka 9 sasa, nami nimeamua kulifufua, si kwa kulimia mashamba ya watu, bali kwa kujifurahisha uzeeni. Fundi mmoja ameniambia ninunue betri mpya tu, tulivute, litawaka. Juma lililopita nilipokwenda kulisafisha nilimkuta mbwa koko amezalia chini yake. Ana watoto watano ambao hawajafumbua macho, naye amekonda mno na amejaa kupe. Majirani wananishauri niwaue wote. Nifanyeje? Na je, trekta nilipake rangi upya?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Tuanze na mbwa, kwa kuwa ndiye asiyeweza kusubiri; trekta lililongoja miaka 9 halitashindwa kungoja majuma mengine machache.

Usiingize mkono chini ya trekta, kwani mbwa aliyezaa karibuni huuma hata mtu anayemfahamu. Jenga kibanda kidogo cha mbao hatua chache kutoka hapo, utandike magunia makavu, kisha uwe unamwekea chakula na maji mbali kidogo na watoto, ukikisogeza chombo kuelekea kibandani siku hadi siku; mara nyingi mama mwenyewe huwabeba wanawe akawahamishia mahali alipopaona pana usalama. Kwa kuwa ameshinda na njaa muda mrefu, sahani kubwa ya siku moja inaweza kumdhuru, hivyo mpe ugali laini uliochanganywa na dagaa waliochemshwa, kidogo kidogo, mara 4 kwa siku. Kuhusu kupe, tafadhali usimpake dawa ya josho la ng'ombe kama wengi tunavyofanya huku vijijini, kwa sababu baadhi ya dawa hizo ni sumu kwa mbwa, na wanaonyonya watairamba. Afisa mifugo wa kata atakushauri dawa inayomfaa anayenyonyesha, naye huyo huyo ndiye wa kumwuliza habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo watoto kwa kawaida huipata wanapofikisha miezi 3. Ikitokea akakuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo, kwani dalili za ugonjwa huu zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Majirani waambie kwamba watoto watakuwa tayari kugawiwa wakifikisha majuma 8. Nina hakika wanaotaka wauawe leo ndio watakaokuja kuomba mlinzi wa boma wakati huo.

Sasa trekta. Injini yake ni dizeli ya Perkins yenye silinda 3 na ukubwa wa lita 2.5, na matrekta hayo yalitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975 kwa wingi kiasi kwamba vipuri vyake hupatikana bila shida hadi leo. Ushauri wa kulivuta, hata hivyo, ukatae. Mimi niliwahi kuivuta injini iliyolala kwa miaka, valvu moja, yaani kilango cha hewa cha silinda, ilikuwa imeganda kwa kutu, na fimbo inayoisukuma ikapinda kama msumari. Kwanza fungua kifuniko cha juu uzione valvu, ondoa nozeli zote 3 (vinyunyizio vya dizeli), umimine oili nyepesi kidogo katika kila silinda na uiache ilale humo siku kadhaa. Kisha weka gia kubwa kuliko zote na mwombe kijana mmoja akusaidie kulisukuma trekta mbele na nyuma taratibu. Injini ikizunguka bila kukwama, umevuka sehemu ngumu. Ikigoma, ongeza oili na siku, usiongeze nguvu.

Mwaga dizeli yote ya zamani, safisha tangi, badilisha filta, halafu utoe hewa kwenye filta, kwenye pampu na mwisho kwenye mabomba ya nozeli, kwa sababu hewa kidogo tu iliyobaki huifanya injini igome hata kama kila kitu kingine ni kizima. Chungulia pia chombo cha kuchujia hewa, maana nyigu hupenda kujenga humo. Oili ya gia ndiyo hiyo hiyo inayoinua jembe. Ukiikuta nyeupe kama maziwa, mvua imeingia, na mara nyingi hupitia mpira uliopasuka kwenye shina la gia. Mpira huo ni wa bei ndogo, lakini wengi huumwaga uchafu na kuusahau mpira, wakaanza upya masika yafuatayo.

Siku ya kuliwasha, kaa kitini, gia ikiwa huru. Usiguse starta kwa bisibisi ukiwa umesimama mbele ya gurudumu la nyuma, kwa kuwa trekta lililosahaulika kwenye gia huondoka papo hapo na kumkanyaga aliyeliwasha. Shika kipande cha ubao bapa cha kuzibia mlango wa hewa, endapo injini itapandisha mwendo na kukataa kuzimwa.

Kuhusu rangi, ningeliacha na wekundu wake uliofifia, ila hilo ni shauri lako. Ukiamua kulipaka, usikisugue kwa msasa kibati chenye namba ya trekta. Kipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo na ukizibe kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kwa sababu muuza vipuri ataiulizia namba hiyo kabla hajafungua droo.